Mgonjwa akipata nafuu wodini, nani kamponya? (Uzi mrefu kuhusu utafiti wa hospitalini)

Muuguzi wa Usiku

Wakuu, habari za humu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya, leo mnivumilie, uzi ni mrefu. Kilichonitoa mafichoni ni ile mada ya juzi ambayo karibu kila mchangiaji alisema watafiti wa hospitali wanatufanya panya. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nilikuwa upande wa hao watafiti. Ndiye niliyekuwa nakuja kitandani na fomu ya ridhaa, na ndiye niliyekuwa nafungua bahasha.

Nianze na hiyo bahasha, maana wengi hawajawahi kuiona. Ni nzito, imegundishwa, na huwezi kusoma kilichomo hata ukiimulika kwenye taa (nakiri niliwahi kujaribu). Juu ina namba. Mgonjwa akikubali, unachukua inayofuata kwa zamu yake, unaandika saa na sahihi yako mgongoni, ndipo unaichana. Ndani kuna kikaratasi: matibabu ya kawaida, au matibabu mapya yanayopimwa. Usiku mmoja, saa nane hivi, niliichana mbele ya mama ambaye mwanawe nilitaka sana apate hayo mapya. Ikatoka "kawaida". Wallahi nilitamani kuirudisha nichukue ya chini yake. Sikufanya, lakini tamaa ile ndiyo hasa inayofanya bahasha zifungwe. Nikiachiwa nichague, nitampa dawa mpya yule ninayemwonea huruma, au yule ninayemwona ana nguvu za kupona, na mwisho tutakuwa tumehesabu huruma yangu huku tukidhani tumehesabu dawa.

Mchezo huu wa bahasha ni wa zamani. Uingereza, matokeo yakichapishwa 1948, streptomaisini ilijaribiwa kwa wagonjwa 107 wa kifua kikuu. Dawa ilikuwa haba, haiwatoshi wote, hivyo 55 walipewa na 52 wakapumzishwa kitandani kama ilivyokuwa desturi ya tiba wakati ule. Mtakwimu Austin Bradford Hill ndiye aliyepanga ugawaji wa bahati nasibu, na waliosoma picha za eksirei hawakuambiwa picha ni ya kundi gani. Miezi sita baadaye walikuwa wamekufa 4 upande wa dawa na 14 upande wa pili.

Hapo dawa ilishinda, kila mtu akafurahi. Mimi nataka niwaeleze pale kila mtu alipokasirika.

Mtoto analetwa ana homa kali, amelegea au anahema kwa shida, mikono na miguu ya baridi. Unabonyeza ukucha, unaachia, unahesabu: moja, mbili, tatu, wekundu bado haujarudi. Damu haizunguki sawasawa. Miongozo ilisema mtundikie maji mengi ya mshipani kwa haraka, ile tunaita bolasi. Akili inakubali, na macho yanakubali pia: unampa, mkono unapata joto, mapigo yanatulia, mama anashusha pumzi. Najua wauguzi ambao wangeapa kwamba maji yale yanaokoa. Mmoja wao ni mimi.

Ukaja utafiti uitwao FEAST, uliofanyika Kenya, Uganda na Tanzania chini ya Kathryn Maitland, ukachapishwa 2011. Watoto 3,141 wa hali hiyo (wenye utapiamlo mkali na wa kuharisha hawakuingizwa, hilo mlishike vizuri) waligawanywa makundi matatu: bolasi ya albumini (maji yenye protini ya damu), bolasi ya maji ya chumvi, na wasiopewa bolasi, wao wakapata maji ya taratibu tu. Ndani ya saa 48 makundi ya bolasi yalipoteza 10.6% na 10.5%. Wasiopewa walipoteza 7.3%. Yaani kwenye kila watoto 100, bolasi iliondoka na watatu wa ziada. Kamati huru ya usalama ikashauri usimamishwe kabla watoto 3,600 waliokusudiwa hawajatimia.

Na kuna kipande ambacho hadi leo kinanikosesha usingizi. Waliporudi kuchambua takwimu, walikuta kwamba saa moja tu baada ya kuanza, dalili za shoku (ile hali ya damu kutozunguka sawasawa) zilikuwa zimeondoka kwa 43% ya waliopewa bolasi, na kwa 32% ya wasiopewa. Kwa hiyo macho yetu hayakutudanganya, mkono kweli ulipata joto. Mtoto alionekana afadhali, ukaandika kwenye faili "anaendelea vizuri", ukakabidhi zamu, na moyo wake ukaja kushindwa wakati wewe uko nyumbani umelala. Anayekuja kumfunika ni mwenzako, na yeye hakuuona ule mkono ukipata joto. Hakuna hata mmoja wetu aliyesimama mahali ambapo angeziona saa zote mbili.

Ndiyo maana nimeuliza swali la kichwa cha uzi. Mgonjwa aliyepona kitandani namba 6 hawezi kukuambia kilichomponya, na wewe uliyemtibu huwezi pia. Unahitaji wale waliofanana naye ambao hawakupewa ulichompa. Karibuni, mnitukane kwa staha.

Mzee wa Hoja

Dada umeandika vizuri, lakini umejifunga goli mwenyewe. Watoto wamekufa ndani ya utafiti, na wewe unatusimulia kama ushindi. Ingekuwa ni watoto wa hao mabwana wakubwa, wangeingizwa kwenye bahasha?

Kiti cha Nyuma

Nimeweka kambi hapa. Mzee wa Hoja kagonga penyewe.

Muuguzi wa Usiku

Mzee wangu, shikamoo. Swali lako ni halali na sitalikwepa. Watoto wa hali ile walikuwa wanakufa kabla ya utafiti na nje ya utafiti, sehemu mbalimbali duniani, wengine baada ya kupewa bolasi kwa nia njema kabisa. Tofauti ni kwamba huko hakuna aliyekuwa anahesabu. Utafiti haukuileta bolasi, uliikuta imeandikwa kwenye miongozo.

Ila sitaki kujifanya kwamba hofu yenu imetoka hewani. Tuskegee, Marekani, kuanzia 1932 hadi 1972, watu wa idara ya afya ya serikali waliwafuatilia wanaume weusi takriban 400 wenye kaswende bila kuwaambia ukweli wa ugonjwa wao, na penisilini ilipopatikana wakanyimwa ili waendelee kutazamwa. Pale hapakuwa na ridhaa wala kamati ya nje ya kupiga kengele. Mtu anayekumbuka hayo halafu akaikunjia uso fomu yangu, simlaumu.

Jambo jingine, watu hudhani ni watoto tu. Zambia walijaribu kwa watu wazima 212 waliolazwa na sepsisi (maambukizi yaliyouzidi mwili nguvu) na presha iliyoshuka, wengi wao wakiishi na VVU. Kundi moja likafuata utaratibu wa maji mengi mapema na dawa za kupandisha presha, jingine likatibiwa kama kawaida. Matokeo yalitoka 2017: vifo hospitalini 48.1% kwa utaratibu mpya, 33.0% kwa kawaida. Ile ile hadithi.

Mzee wa Hoja

Marahaba. Sijashawishika, lakini nimekaa.

Binti Maabara

Sista, naomba niingilie, maana mnaongelea tiba wakati nusu ya kesi iko kwetu maabara. Mnagawanya wagonjwa kwenye bahasha mkiamini wote wana ugonjwa uleule. Nani kawaambia?

Malawi, pale Blantyre, waliwachunguza baada ya kufa watoto 31 ambao walikuwa wametimiza vigezo vyote vya malaria ya ubongo: hawazinduki, vimelea vimo kwenye damu, hakuna sababu nyingine iliyoonekana. Ilichapishwa 2004. Watoto 7 kati ya hao, karibu robo, walikutwa wamekufa kwa jambo jingine kabisa. Vimelea walikuwa navyo kweli, ila kwenye maeneo yenye malaria nyingi mtoto anaweza kutembea na vimelea huku kinachomuua ni kingine. Dalili iliyowatenganisha vizuri zaidi kuliko zote ilikuwa jichoni: ukiangalia retina, ule utando wa nyuma ya jicho, waliokuwa na malaria ya ubongo hasa walikuwa na madoa na mishipa iliyobadilika rangi. Slaidi yangu, kile kioo cha damu tunachotazama kwa darubini, ingesema "wapo" kwa wote 31, na ingekuwa inasema kweli.

Na hesabu moja ambayo nawafanyia kila mwanafunzi anayekuja benchi langu. Kipimo kinawanasa wagonjwa 95 kwa 100, na kinawaachia wazima 95 kwa 100. Kizuri, sivyo? Sasa kipeleke kwa watu 10,000 ambao wenye ugonjwa ni mmoja kwa mia. Wagonjwa ni 100, kinanasa 95. Wazima ni 9,900, na kinawasingizia asilimia 5, yaani 495. Watakaopewa majibu ya "unao" ni 590, na wenye ugonjwa kweli ni 95. Sita wanalia, mmoja ndiye mgonjwa. Kipimo hichohicho ukikipeleka wodini, ambako nusu ya waliopimwa wanao, karibu kila "unao" ni wa kweli. Kipimo hakijabadilika hata kidogo, waliobadilika ni watu.

Ndio maana nakasirika nikisikia "kipimo kina usahihi wa 95%". Kwa nani?

Kiti cha Nyuma

Hapo kwenye sita wanalia nimesoma mara tatu. Kumbe.

Ndugu wa Mgonjwa

Samahani wakubwa, naingia na langu, nipo hospitali sasa hivi kwenye benchi nje ya wodi. Kaka yangu kalazwa tangu jana, kichwa kinampasuka, shingo imekakamaa, mwanga hautaki. Wanataka kumtoboa mgongoni wachukue maji, na nimesikia watu wanapooza kwa hiyo sindano. Pia kuna kijana kaja na fomu ya utafiti, kurasa kama nane. Kaka bado anajitambua, anasema nimsaidie kuamua. Sista nifanyeje?

Muuguzi wa Usiku

Ndugu yangu, pole sana, na umpe pole kaka. Sipo hapo, simwoni, kwa hiyo wa kufuata ni daktari aliyemshika. Lakini naweza kukueleza kwa nini wanayataka hayo maji.

Kwanza sindano: inaingia chini kabisa ya kiuno, mahali ambapo uti wa mgongo wenyewe umeshaishia juu zaidi. Kichwa kuuma baada ya hapo hutokea. Kupooza ni nadra sana, na kabla ya kutoboa daktari anatakiwa aangalie kama kuna sababu ya kusubiri, kwa mfano damu isiyoganda au dalili za uvimbe ndani ya kichwa. Mwulize kama ameangalia, hatakasirika. Watu wanachanganya sindano na ugonjwa, kwa sababu wanaotobolewa ni wagonjwa mahututi.

Sasa uone kwa nini maji hayo yana thamani. Kuna dawa moja ya kushusha uvimbe, deksamethasoni, ya siku nyingi, ipo karibu kila duka la dawa la hospitali. Vietnam, 2004, waliijaribu kwa wagonjwa 545 wa homa ya uti wa mgongo inayotokana na kifua kikuu, pamoja na dawa za TB. Vifo vilishuka kutoka 41.3% hadi 31.8%. Ukisimama hapo utasema, basi kila mwenye shingo ngumu apewe. Ikajaribiwa dawa hiyohiyo kwa homa ya uti wa mgongo ya fangasi ya kriptokokasi, kwa wagonjwa wenye VVU wa Asia na Afrika, na 2016 tukapata majibu: utafiti ulisimamishwa mapema kwa sababu waliopewa walipata ulemavu zaidi, na fangasi waliondoka taratibu zaidi kwenye maji ya mgongo.

Kitandani wagonjwa hawa wawili wanaweza kufanana kama mapacha. Kichwa, shingo, homa. Anayewatenganisha ni Binti Maabara na kile kichupa cha maji.

Daktari Mstaafu

Sista yuko sahihi, naongeza tone moja ili uzi usije ukatumika vibaya. 2023 deksamethasoni ilijaribiwa tena kwa TB ya uti wa mgongo, safari hii kwa watu wazima wenye VVU tu, Vietnam na Indonesia. Faida ya wazi haikuonekana. Kwa hiyo hata jibu la 2004 lina mwenyewe.

Steroidi, jamii ya dawa ambayo deksamethasoni ni mojawapo, zimetutoa jasho miaka yote. Nilipokuwa kijana tuliwapa walioumia kichwa kwenye ajali, uvimbe wa ubongo upungue, hakuna aliyehoji. Utafiti wa CRASH ukatoka 2004, steroidi nyingine ya jamii hiyo, majeruhi 10,008: ndani ya wiki mbili walikufa 21.1% ya waliopewa na 17.9% ya wasiopewa. Nilikaa na jarida lile mezani nikajaribu kukumbuka nimewachoma wangapi. Halafu 2020, korona, utafiti wa RECOVERY wa Uingereza: deksamethasoni hiyohiyo, miligramu 6 kwa siku. Walio kwenye mashine ya kupumulia vifo vikashuka kutoka 41.4% hadi 29.3%. Waliohitaji oksijeni tu, kutoka 26.2% hadi 23.3%. Wasiohitaji oksijeni hawakupata faida yoyote, na namba zao zilielekea upande mbaya. Ugonjwa mmoja, dawa moja, na jibu linategemea umelala kitanda gani.

Kipindi hichohicho dunia nzima ilikuwa inagombania haidroksiklorokwini, dawa ya malaria ya zamani, kwa sababu fulani kapewa akapona. RECOVERY iliipima, haikuokoa.

Mzee wa Hoja

Daktari, hilo la kukumbuka uliowachoma limenigusa. Haya, nauliza kwa nia njema: mtoto wa FEAST kaletwa anakata roho, mama anatetemeka. Ridhaa gani hiyo mnayoomba hapo?

Muuguzi wa Usiku

Mzee, hilo ndilo swali gumu kuliko yote. Walichofanya FEAST pale ambapo hapakuwa na muda ni kumwomba mzazi kwa mdomo, maneno machache, mtoto aanze kuhudumiwa, kisha maelezo kamili na sahihi vikaja baadaye hali ikitulia. Kamati za maadili ziliridhia utaratibu huo. Wengine wanauona mwembamba. Mimi nimesimama mbele ya akina mama, najua kwamba saa ile ukimsomea kurasa nane hasikii hata neno moja, anaangalia midomo yako tu. Sahihi inayopatikana hivyo ni ya karatasi. Lakini kuna kitu kingine nilikiona: mama aliyeombwa kwa mdomo, mtoto akafariki kabla ya maelezo ya pili. Nani anamfuata na fomu? Tulikaa watu wanne chumba cha dawa, hakuna aliyetaka kwenda. Sitasema zaidi ya hapo.

Ndugu wa Mgonjwa

Sista wametoboa tayari, kaka kavumilia. Yule kijana wa fomu karudi. Anasema wanalinganisha dozi moja kubwa siku ya kwanza na dozi za siku nyingi. Niulize nini?

Muuguzi wa Usiku

Muulize kaka akikataa atatibiwa vipi, na amwonyeshe maandishi yanayosema matibabu hayatapungua. Muulize akikubali leo akachoka keshokutwa, anamwambia nani. Kisha muulize hili ambalo vijana wa fomu hulipenda kidogo: nani nje ya timu yao anaangalia vifo wakati utafiti unaendelea, na ana mamlaka ya kuufunga? Pia nani anagharimia dawa ikimdhuru. Akijibu haraka sana bila kufikiri, muombe arudie polepole.

Wazo la dozi moja lenyewe si la kuokoteza. Kwa fangasi ya kriptokokasi kulikuwa na utafiti wa Ambition, nchi tano za Afrika, ukatoka 2022. Dozi moja kubwa ya amfoterisini ya liposomu (dawa ya fangasi ya mshipani) pamoja na vidonge vya wiki mbili, dhidi ya utaratibu wa sindano za kila siku kwa wiki nzima. Baada ya wiki kumi vifo vilikuwa 24.8% kwa dozi moja na 28.7% kwa utaratibu wa zamani. Lengo lao halikuwa kushinda, walitaka kuonyesha kwamba dozi moja haizidiwi, na madhara makubwa yakawa machache zaidi. Mtu aliyewahi kuangalia mishipa ya mgonjwa ikichomwa siku saba mfululizo, na figo zake zikipimwa kwa wasiwasi kila mara, anaelewa kwa nini "haizidiwi" ni habari njema.

Binti Maabara

Na muulize majibu ya maji yametoka au bado. Asisaini cha dozi wakati fangasi hawajaonekana.

Ndugu wa Mgonjwa

Majibu yametoka, ni hao fangasi. Nimemuuliza yote. Kwenye la nani anaangalia vifo kijana alinyamaza, akasema ngoja, akaenda kumleta daktari wao. Daktari kakaa kwenye kiti karibu na kitanda, kaeleza kuhusu kamati na jinsi wanavyokutana. Kaka kasoma kurasa tatu, zingine nimemsomea mimi, akasaini mwenyewe, mkono unatetemeka.

Bahasha imefunguliwa mbele yetu. Imetoka siku nyingi, utaratibu wa kawaida. Sista sikufichi, nimejisikia vibaya, kama tumepoteza bahati nasibu.

Muuguzi wa Usiku

Najua unavyojisikia, mimi nilikuwa upande wa pili wa bahasha hiyohiyo. Yule mtoto wa saa nane usiku niliyemwambia mama yake pole kwa uso kabla sijafungua mdomo, aliyepata "kawaida"? Utafiti ule ulipoisha, matibabu mapya hayakuwa na faida yoyote. Pole yangu ilikuwa ya bure.

Mwambie kaka akitapika kidonge chochote aseme saa ngapi, na uhakikishe kimeandikwa. Mkojo ukipungua aseme pia. Wewe umekula?

Ndugu wa Mgonjwa

Bado. Naenda sasa, shemeji kaja kunipokea zamu.